Damu Jichoni Isiandikwe Nusu

Mgonjwa anaeleza hivi: asubuhi aliamka akaona nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho moja. Kufika adhuhuri nyuzi zimegeuka moshi, na jioni hawezi tena kuhesabu vidole anavyonyooshewa. Jicho haliumi. Ukilitazama kwa nje ni jeupe, halina tongotongo wala uvimbe. Tabibu akimulika kwa tochi ya macho, ule mwanga mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho zima haupo. Damu imemwagika ndani ya ute unaojaza jicho, na retina iliyo nyuma yake imefichika.

Hapo kazi mbili zinaanza kwa pamoja. Ya kwanza ni tiba. Ya pili ni maandishi, kwa kuwa kwenye kompyuta ya hospitali na kwenye fomu ya madai ya bima kuna nafasi ndogo inayosubiri herufi moja na tarakimu chache. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, damu ndani ya ute wa jicho inaitwa H43.1. Tabibu anaandika, anamwita anayefuata.

Msimbo huo ni sahihi, lakini umetoa nusu ya habari. Haujasema kama damu imetoka kwenye mishipa dhaifu iliyooteshwa na kisukari, kwenye mshipa ulioziba kwa sababu ya shinikizo la damu, kwenye retina iliyochanika, au kwenye pigo la fimbo. Kila kisababishi kina tiba yake, haraka yake na kinga yake. Ndiyo maana jicho lenye damu linastahili kuandikwa kwa misimbo miwili kila mara: mmoja unaotaja damu iko wapi, mwingine unaotaja kilichoileta. Dodoma ina kila sababu ya kulianzisha jambo hili. Wizara ya Afya, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ziko ndani ya jiji hilo hilo, na uwanda unaolizunguka una historia ya magonjwa ya macho ambayo wataalamu wa dunia nzima wamejifunza kwayo.

Orodha ya misimbo ina umri mkubwa. Mwaka 1893 mtakwimu wa Paris, Jacques Bertillon, aliwasilisha orodha ya visababishi vya vifo kwenye mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu uliofanyika Chicago. Nchi zikaipokea, ikawa inapitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, hadi mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoichukua na kuongeza humo maradhi yasiyoua. Nyongeza hiyo ilikuwa na uzito wa pekee kwa macho. Maradhi ya macho mara chache huua, kwa hiyo orodha ya vifo peke yake isingeyaona kamwe. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990, na la 11 likaanza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Katika toleo la 10 jicho limepewa sura yake, kuanzia H00 hadi H59. Damu iliyo juu ya weupe wa jicho, chini ya utando mwembamba unaoufunika, ni H11.3. Damu iliyotuama kwenye chumba cha mbele, kati ya konea na lenzi, ni H21.0. Damu ya kwenye ute ni H43.1, na ile ya kwenye retina ni H35.6. Ni hatua nne za kuingia ndani ya jicho, na kwa kawaida kadiri damu ilivyo ndani ndivyo hatari inavyoongezeka. Ila visababishi vingi havimo katika sura hii. Kisukari kiko kwenye herufi E, shinikizo la damu kwenye I, selimundu kwenye D, maambukizi kwenye A na B, majeraha kwenye S. Waliopanga orodha walilijua hilo, wakaweka alama mbili: kisu kwa ugonjwa wenyewe, nyota kwa kile ulichofanya mwilini. Kisukari cha aina ya pili kilichofika machoni ni E11.3 yenye alama ya kisu, na retina iliyoharibiwa nacho ni H36.0 yenye nyota. Kwa kanuni ya orodha, msimbo wa nyota hausimami peke yake.

Kwa maneno mengine, kuandika kwa jozi si jambo geni linalopendekezwa na mtu wa nje. Limo ndani ya mfumo wenyewe. Linalokosekana ni mazoea.

Damu ya juu ndiyo inayotisha zaidi kwa macho ya watu, ingawa mara nyingi ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtu amekohoa usiku kucha, au amenyanyua gunia, au mama amesukuma kwa nguvu akijifungua, na asubuhi weupe wa jicho umekuwa mwekundu kama umepakwa rangi. Hakuna maumivu, hakuna usaha, na uoni haujapungua. Damu hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Ikiandikwa H10.9, yaani maambukizi ya utando wa jicho yasiyotajwa, mgonjwa anaondoka na dawa ya antibayotiki asiyoihitaji, na takwimu za maambukizi zinapanda bila sababu. La kusikitisha zaidi, hakuna anayekumbuka kumpima presha. Ikiandikwa H11.3, swali la kilichoileta linakuja lenyewe, na kwa mtu wa makamo kipimo cha presha kinatakiwa kiwe kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Kuna wekundu mwingine unaoambukiza kweli. Mwanzoni mwa 2024 Watanzania wengi walipata ugonjwa wa macho mekundu ulioanza kutangazwa Dar es Salaam, na mitaani watu wakawa wanapeana tahadhari za kunawa mikono na kutogusana. Milipuko ya namna hiyo si migeni Afrika: mwaka 1969 ulizuka Ghana ugonjwa wa macho unaovujisha damu kwenye weupe wa jicho, ukaenea nchi na nchi. Ugonjwa huo wa virusi una msimbo wake, B30.3, nao hauko kwenye sura ya macho. Zahanati inayotofautisha H10.9, H11.3 na B30.3 inaweza kuonya wilaya kwamba mlipuko unaanza. Zahanati inayoandika "macho mekundu" kwa wote watatu haina la kuonya.

Tena upande wa kaskazini magharibi wa nchi, hasa Usukumani, wapo vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na miongoni mwa vilivyotajwa kuwa ushahidi dhidi yao ni macho yao mekundu. Wengi walikuwa wamepika kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi maisha yao yote. Jina sahihi la ugonjwa, lililoandikwa na tabibu na kuelezwa kwa familia, ni ulinzi kwa watu kama hao. Asiyefikiwa na jina hilo anabaki na majina atakayopewa na majirani.

Kwenye uwanda wa kati, majeraha nayo yana sura yake. Hii ni nchi ya migunga na miiba, ya watoto wanaochunga wakiwa na fimbo mkononi. Pigo likitua kwenye jicho, damu hujaa chumba cha mbele kisha huzama taratibu na kutulia chini, ikifanya mstari ulionyooka ambao daktari wa macho huupima kwa milimita. Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa juu na kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu siku tano za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kuvuja tena. Damu ya pigo haiandikwi H21.0. Nafasi yake ni S05.1, na pembeni yake kunawekwa msimbo wa tukio: Y00 kama mtu amempiga kwa kitu butu kwa makusudi, W60 kama ni mwiba. Kwenye ripoti ya mwaka, tofauti ya herufi hizo mbili ni tofauti ya mazungumzo: moja inapelekwa kwa ustawi wa jamii na polisi, nyingine kwa wazazi na walimu.

Mtoto huyo huyo akiwa na selimundu, hali inabadilika kabisa. Seli zake zilizopinda haziwezi kupita kwenye tundu dogo la kutolea maji ya jicho, zinaziba, na presha ya jicho inapanda kwa kasi hata kama damu iliyomwagika ni kidogo. Baadhi ya dawa zinazotolewa kwa kawaida kushusha presha hiyo zinaweza kumdhuru. Msimbo D57 ukiwa pembeni ya S05.1, daktari wa zamu ya usiku anajua la kufanya kabla hajauliza swali la pili. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma imeanza kuwapandikizia uloto baadhi yao. Mkoa uliofika hapo kitabibu haustahili kushindwa na nafasi moja tupu kwenye fomu.

Lakini mfano mzito kuliko yote ni ule wa mwaka 2007.

Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Kaskazini mashariki mwa Kenya watu walianza kuugua Homa ya Bonde la Ufa mnamo Desemba, na miezi ya mwanzo ya 2007 ugonjwa ukawa umeingia Tanzania. Mbu wanaotaga kwenye madimbwi ya mafuriko huamsha virusi, virusi hupita kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na binadamu huambukizwa anapochinja, anapomzalisha mnyama, anapokunywa maziwa mabichi au anapoumwa na mbu. Katika wagonjwa 186 waliothibitishwa na maabara nchini, 103 walitoka mkoa wa Dodoma. Morogoro, uliofuata, ulikuwa na 50. Ndiyo kusema zaidi ya nusu ya wagonjwa waliothibitishwa Tanzania nzima walikuwa watu wa uwanda huu, wengi wakiwa wafugaji na watu wa karibu na mifugo.

Kila mtu aliyekuwapo anakumbuka hofu ya nyama na habari za watu waliotokwa damu hadi kufa. Kinachokumbukwa kidogo ni jicho. Kwa mujibu wa WHO, asilimia 0.5 hadi 2 ya wagonjwa wa homa hii hupata vidonda kwenye retina, na dalili za macho huanza wiki moja hadi tatu baada ya homa kuanza. Kwa wengi uoni hurudi baada ya wiki 10 hadi 12. Vidonda vikikaa katikati ya retina, pale panapotumika kusoma na kutambua sura ya mtu, nusu ya wagonjwa hubaki na upungufu wa kudumu. Ugonjwa ulipoingia Saudi Arabia mwaka 2000, madaktari wa Jizan walichunguza wagonjwa 143 waliopata madhara ya macho, na katika asilimia 40 ya macho yaliyoathirika waliona damu kwenye retina.

Tazama sasa mwendo wa muda. Homa imeisha, timu ya mlipuko imeshamwondoa mtu kwenye orodha yake, naye amerudi kijijini. Wiki ya tatu anaona doa katikati ya kila anachokitazama. Anasubiri, akidhani ni uchovu wa ugonjwa. Akifika kliniki ya macho mwezi wa pili, hana homa, wala hakuna anayemuuliza kuhusu mbuzi wake waliotoa mimba. Daktari anaona damu na kovu, anaandika H35.6, na maandishi ni ya kweli kabisa. Ila A92.4, msimbo wa Homa ya Bonde la Ufa, haukuandikwa, na kwa hiyo mlipuko huo kitakwimu haukupofusha mtu. Ukija mwingine, hakuna anayepanga bajeti ya kuwachunguza macho waliopona, kwa kuwa vitabu havionyeshi haja hiyo. Vilevile homa hii kwa wengi ni nyepesi na haiwafikishi hospitali, hivyo jicho linaweza kuwa ndiyo dalili pekee itakayomleta mtu kwa daktari. Kwa mgonjwa kama huyo, msimbo wa pili ungekuwa kengele ya kwanza ya mlipuko.

Anayedhani kwamba herufi na tarakimu haziwezi kuokoa macho na aende Kongwa.

Katika wilaya hiyo, mashariki mwa Dodoma, trakoma iliwahi kuwa sehemu ya utoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, miongoni mwao Sheila West na Hugh Taylor, walifanya kazi huko kuanzia miaka ya 1980. Wawili hao walikuwa miongoni mwa waandishi watano wa mfumo mwepesi wa kupima trakoma uliochapishwa na WHO mwaka 1987. Mfumo una alama tano tu. Muuguzi anapindua kope la juu, anatazama kwa miwani ya kukuzia chini ya mwanga wa jua au tochi. Akiona vipele vitano au zaidi vya ukubwa wa angalau nusu milimita, anaandika TF. Kope limevimba kiasi cha kuficha mishipa, TI. Makovu, TS. Unyoya mmoja wa kope unaogusa jicho, TT. Ukungu wa konea uliofunika mboni, CO.

Nguvu ya alama hizo ni kwamba kila moja ilifungwa na kazi ya kufanya. TF na TI zilimaanisha dawa kwa jamii, maji na usafi wa uso; TT ilimaanisha upasuaji wa kope. Kwa kuwa mhudumu wa Kongwa na mwenzake wa Nepal waliandika kitu kimoja, matokeo yaliweza kulinganishwa. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji vya Kongwa ulioonyesha kwamba kuhimiza kunawisha watoto nyuso, baada ya dawa kutolewa, kulipunguza trakoma kali. Jambo ambalo bibi yeyote wa Kigogo angeweza kulisema likapata ushahidi, likaingia kwenye mkakati unaotumiwa na mataifa mengi: upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira.

Upande wa kusini mashariki mwa jiji, kiasi cha kilomita 40, iko Hospitali ya Misheni ya Mvumi. Daktari wa macho Allen Foster alifanya kazi hapo kati ya 1975 na 1985. Wakati huo mtoto aliyepofuka kwa kidonda cha konea angeweza kuandikwa "upofu" tu na habari ikaishia hapo. Foster na mwenzake Alfred Sommer walichambua watoto 130 wa Kitanzania wenye vidonda hivyo na kuuliza kila kimoja kimeletwa na nini. Asilimia 37 ya vidonda vilihusiana na surua ya karibuni. Upungufu wa vitamini A ulikuwapo, na dawa za kienyeji za kutia machoni zilikuwapo pia. Taarifa yao ilitoka mwaka 1987. Hitimisho lake lilieleweka na mganga wa zahanati yoyote: chanjo ya surua ni kinga ya upofu. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani kwenye rejesta iliyoandika matokeo bila chanzo.

Kizazi hiki kina mzigo wake mwingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, asilimia 9.1 walikuwa na sukari ya damu iliyozidi kiwango, na asilimia 25.9 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Tangu serikali ihamie Dodoma, jiji limejaa watu wa ofisini wanaokaa muda mrefu, wanaokula chipsi mayai usiku na kusafiri kwa gari hata mwendo wa dakika kumi. Kisukari huchukua miaka mingi kufika kwenye retina. Mishipa midogo inachoka, sehemu za retina zinakosa hewa, na mwili unaotesha mishipa mipya ili kuziba pengo. Mishipa hiyo ni dhaifu. Ikipasuka, ndiyo ile asubuhi ya nyuzi nyeusi.

Kabla ya kupasuka, tiba ipo. Tangu miaka ya 1970 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba leza ikipigwa kwenye retina kwa wakati hupunguza upofu mkubwa kwa nusu au zaidi. Sindano za ndani ya jicho zimeongezwa baadaye. Damu ikishajaa, mgonjwa wa Dodoma anaweza kuhitaji upasuaji wa kuondoa ute, ambao unaweza kumaanisha safari ya Moshi au Dar es Salaam, nauli, mtu wa kumsindikiza na siku za kulala ugenini. Mkoani Kilimanjaro, mpango wa kuwapiga picha za retina wagonjwa wa kisukari ulianza mwaka 2010. Ili Dodoma ipate wa kwake kwa ukubwa unaofaa, mtu lazima aonyeshe kwa hesabu ni wangapi wanavuja damu kwa kisukari, kutoka kata zipi, na wamechelewa kwa miaka mingapi.

Hesabu hiyo inapotelea mahali pawili. Kwenye kliniki ya kisukari, mkono umezoea kuandika E11.9, yaani kisukari kisicho na madhara, hata kwa mtu aliyekwishaanza kupapasa ukuta. Kwenye kliniki ya macho, mkono umezoea H43.1. Mtu mmoja anakuwa wagonjwa wawili wasiojuana: mmoja ana kisukari kisichomdhuru, mwingine ana damu isiyo na chanzo. Ukijumlisha faili za mwaka mzima, unapata mkoa ambao kisukari chake hakigusi macho. Bajeti inayopangwa kwa faili hizo itakuwa ya mkoa ambao haupo.

Utetezi wa wahudumu unastahili kusikilizwa kwa heshima. Tabibu ana foleni inayofika nje ya mlango, mtandao unakatika, na orodha nzima ina misimbo zaidi ya 14,000. Pia msimbo umegeuka kuwa mambo ya fedha: kwa wengi unakumbukwa pale dai linapopelekwa NHIF, na mwandishi anaogopa kwamba msimbo wa pili utaleta maswali na kuchelewesha malipo. Zaidi ya hapo, siku ya kwanza chanzo kinaweza kisijulikane kweli. Jicho lililojaa damu halionyeshi retina, na mpaka lipigwe picha ya utrasaundi hakuna ajuaye kama nyuma kuna retina iliyochanika au kubanduka.

Hoja hizo zote zinajibika bila fedha nyingi. Hakuna anayehitaji misimbo 14,000 kwa jicho lenye damu. Misimbo kumi na mitano inatosha, nayo inaenea kwenye kadi ya ukurasa mmoja inayobandikwa ukutani. Safu ya kushoto mahali damu ilipo, safu ya kulia visababishi, na kati yao mstari wa kuandika jicho la kulia, la kushoto au yote mawili. Suala la upande lisidharauliwe. Marekani ililazimika kuongeza tarakimu kwenye toleo lake la 10 lililoanza Oktoba 1, 2015, ili H43.11 iwe jicho la kulia na H43.12 la kushoto. Toleo la 11 nalo limeweka misimbo ya nyongeza ya upande, na ugonjwa na chanzo chake vinaunganishwa kwa mkwaju. Toleo la 10 linalotumika hapa halina nafasi ya upande, lakini kalamu inayo.

Kwenye GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali unaosimamiwa na TAMISEMI, jambo lenyewe ni dogo. Tabibu akichagua H11.3, H21.0, H35.6 au H43.1, skrini imfungulie kisanduku cha pili kinachouliza chanzo. Kimojawapo cha majibu kiwe "bado hakijajulikana", na jibu hilo libaki likiwaka kwenye faili mpaka lirekebishwe kwenye hudhurio linalofuata. Fomu ya madai ya NHIF tayari inatenganisha utambuzi wa awali na wa mwisho. Nafasi hiyo itumike ilivyokusudiwa: H43.1 siku ya kwanza, jozi kamili baada ya uchunguzi.

NHIF nayo ina wajibu mpana zaidi ya kulipa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, hapo hapo Dodoma, na kadiri watu wanavyoingia kwenye bima ndivyo misimbo inavyozidi kuwa kumbukumbu kubwa kuliko zote za maradhi ya Watanzania. Mfuko utangaze wazi kwamba dai lenye misimbo miwili ya jicho halitakataliwa kwa sababu hiyo. Kisha kila robo mwaka uirudishie wilaya muhtasari wake usio na majina ya wagonjwa: damu ngapi za retina, ngapi za kisukari, ngapi za pigo, ngapi bila chanzo. Mhudumu anayeona takwimu zake zikimrudia na kutumika ataandika kwa uangalifu zaidi kuliko anayetishiwa kukatwa dai.

Mafunzo yaanzie mahali penye walimu. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha madaktari, Mvumi kuna chuo cha matabibu, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado wanaiita General, ina watunza kumbukumbu wanaozijua rejesta kuliko mtu mwingine yeyote. Hao watunza kumbukumbu wakae meza moja na madaktari wa macho. Mwanafunzi wa utabibu apimwe kwa jicho na kwa maandishi: ameiona damu, ameipa jozi yake, ametaja upande?

Mafuriko yatarudi kwenye bonde la Bahi, kwa kuwa ndiyo tabia ya nchi hii, na Homa ya Bonde la Ufa inaweza kurudi nayo. Maandalizi yake yaandikwe sasa, kabla ya mvua. Kila atakayepewa A92.4 awekewe tarehe ya kupimwa macho ndani ya wiki ya pili na ya tatu, na mratibu wa huduma za macho wa mkoa apewe orodha yao siku hiyo hiyo ili wapigiwe simu. Kila jicho lenye damu kwenye retina kipindi hicho liulizwe habari za homa na mifugo kabla faili halijafungwa. Wizara, TAMISEMI na NHIF zinaweza kukubaliana juu ya hayo na ya ile kadi ya ukurasa mmoja katika kikao kimoja, na kuijaribu mkoani Dodoma kwa mwaka wa fedha mmoja kabla ya kuipeleka Singida, Manyara na Iringa.